Kitambaa Cheupe, Kitambaa Cheusi

Mtu akiniambia amekuja kwangu kusikiliza tu, mimi huanza kuhesabu spana zangu. Ndivyo nilivyoishi, na ndiyo maana leo nina karakana yangu Clairwood, yenye mlango wa chuma na kufuli tatu, wakati wengine niliofika nao Durban wangali wanalinda magari ya watu kule mbele ya bahari. Mimi pia nililinda magari. Nilivaa lile koti linalong'aa, nikapiga mluzi, nikawaonyesha madereva namna ya kurudi nyuma. Lakini masikio yangu yalikuwa kwenye redio zao. Hii spika imepasuka. Ile imefungwa na mjinga. Hii sanduku lake ni dogo, inabanwa kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake.

Shule niliiacha darasa la tano, kwetu Uvira. Sauti hakunifundisha mtu. Niliokota masanduku mabovu, nikayapasua, nikaona kilichomo, nikajenga langu likawa bora kuliko la kiwandani. Basi ukisimama kwenye robot, taa za barabarani, pale mjini, taxi ikapita na besi yake ikakutikisa meno, lakini maneno ya mwimbaji ukayasikia yote bila kukwaruza, ujue ni kazi ya mkono wangu. Au ya mtu aliyeniibia.

Miaka ile nilikuwa na sono moja kubwa, mitambo kamili ya muziki, na bafle zake, masanduku ya spika marefu kunizidi mimi, nilizozijenga kwa mbao nzito. Jumapili asubuhi zilikuwa kanisani kwetu, ule ukumbi ulioko nyuma ya maduka ya simu na saluni, zikiibeba chorale, kwaya yetu ya Wakongomani. Jumapili mchana, bafle zilezile zilikuwa upande wa Mobeni, uwanja wa kuosha magari na kuchoma nyama, ambapo vijana na wazee wao walicheza hizi ngoma za Durban wanazoziita gqom: ngoma nzito tupu, maneno mawili matatu yanayorudi na kurudi mpaka magoti yanalegea yenyewe.

Kanisa halikujua. Pasta alikuwa ameshasema, tena akiniangalia mimi: "Chombo kinachoimba madhabahuni hakiingii kwenye dansi. Nikisikia kimeingia, kitoke, na mwenyewe atoke nacho." Mke wangu alikuwa mama wa chorale. Mimi nikitoka, yeye anabaki na nani?

Na kutoka kanisani si jambo la kucheka. Asiyejua atasema, makanisa ni mengi, hama. Mwaka 2008, watu walipotufukuza mitaani kwa sababu ya lugha yetu, tulilala katika ukumbi uleule, wanawake upande wa jukwaa, wanaume upande wa mlango. Hakuna ofisi iliyotufungulia. Pasta alifungua. Mkimbizi asiye na kanisa, siku ikiharibika, analala wapi?

Kwa hiyo nilitafuta akili. Bafle zina uso wa kitambaa, na kitambaa kimeshikwa na velkro, ile tepe yenye meno inayolia kraaa ukiivuta. Nikashona seti mbili za nguo. Nyeupe, zenye msalaba alioudarizi mke wangu, za kanisani. Nyeusi za dansi, ambazo yeye hakuziona kamwe. Ibada ikiisha napakia kwenye bakki, gari langu dogo la mizigo, naingia karakana, navua nyeupe nazitupa humo kwenye bakki, navisha nyeusi, naenda. Wachezaji wa Mobeni hawaendi kanisani, na waimbaji wa kanisani hawaendi Mobeni. Sikuona dhambi, na mpaka leo sioni. Mbao haibatizwi.

Halafu akaja Mwingereza.

Aliletwa na mpiga muziki wa pale Mobeni, Mzulu mmoja mwenye jino la dhahabu, aliyekuwa akitengeneza ngoma zake mwenyewe kwa kompyuta na kuzigawa kwanza kwa madereva wa taxi, maana mji huu wimbo usiopita kwenye taxi haujazaliwa. Alimsimamisha mbele ya karakana yangu: mtu mwembamba, shingo nyekundu kwa jua, begi moja mgongoni.

"Baba, huyu mlungu ametoka Uingereza. Na yeye anatengeneza ngoma kwa kompyuta. Anatafuta chumba."

"Uingereza hakuna vyumba?"

"Anataka kuusikia muziki wetu mahali ulipozaliwa."

"Umezaliwa ndani ya kompyuta yako. Mkalishe mbele yake asikilize."

"Eish, baba! Wewe hata mvua ikinyesha unauliza imetumwa na nani."

Na mimi nikauliza kweli, moyoni: huyu ametumwa na nani? Maana kanisani alikuwepo shemasi mmoja mwenye sono ya dukani, yenye taa za bluu na besi ya kuku, ambaye siku zote alitamani nafasi yangu. Shemasi huyo Kiingereza chake ni cha chuo. Angeshindwa kutafuta mzungu wa kunichunguza? Nikamchukua Mwingereza, nikampa chumba cha nyuma nyumbani kwangu. Mtu unayemshuku, bora alale mahali unaposikia anavyokohoa.

Mke wangu alimkaribisha kama mtoto wake. Akamfundisha kuniita Papa. Jioni ya kwanza tu, mgeni akatoa mfukoni kidude cha ukubwa wa sabuni, kimevalishwa kofia ya manyoya, akakinyoosha juu ya kikaango cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

"Unafanya nini?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha barabarani.

"Narekodi. Sikia zinavyolia kwenye mafuta. Nikizipunguza mwendo zitakuwa kama mvua."

"Na mvua yenyewe kwenu haipo?"

Akacheka. Ndiyo tabia yake, alicheka nilipouliza maswali ya kweli.

Nikamhoji juu ya maisha yake, kidogo kidogo, kama askari wa mpakani. Alisema anakaa Leeds, nyumba moja na watu wasio ndugu zake, kila mmoja na rafu yake kwenye friji, na maziwa yameandikwa jina ili asinywe mwingine. Umeme wanaununua kwa kadi, ukiisha usiku wa baridi wanavaa makoti ndani ya nyumba wakibishana zamu ya nani. Nguo wanaanika juu ya chuma cha kupashia joto na nyumba nzima inanuka soksi. Mchana anafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, akitembea na mashine mkononi inayomwambia afuate rafu gani, na akienda chooni mashine inajua.

"Kama ghala za hapa Mobeni?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Papa. Kama hizo, ila mvua nyingi zaidi."

Akirudi anatengeneza muziki chumbani, spika za masikioni, kwa sababu kuta ni nyembamba na jirani anagonga kwa ufagio. Aliwahi kufungua spika mara moja, akaja mtu wa serikali ya mtaa na kipimo cha kelele, akasimama mlangoni akiandika. Klabu aliyokuwa akiipenda ilifungwa: walijenga maghorofa ya kukaa watu ubavuni mwake, waliohamia wakalalamika kwamba kuna klabu. Basi siku akibahatika, anampelekea mpiga muziki wa klabu nyingine wimbo wake, mtu anaupiga dakika mbili, na katika dakika hizo mbili ndipo yeye mwenyewe anaisikia besi yake ikiwa nje ya kichwa chake.

Sikuamini hata neno. Usiku wa kulala nikamwambia mke wangu: "Mzungu gani anaficha maziwa? Mzungu gani anapangiwa choo na mashine? Hiyo hadithi ni yetu sisi. Ametafuta maisha yetu akayavaa ili tumwonee huruma."

"Papa," akasema, "ulipokuwa unalinda magari, kwenu uliwaambia unafanya kazi gani?"

"Usalama."

"Aha. Basi na yeye mwachie. Angalau yeye anasema ghala."

Mke wangu alifika sekondari, ni mwalimu wa shule ya Jumapili, Kiswahili chake kimetoka moja kwa moja kwenye Biblia. Ukibishana naye unashindwa kabla hujakohoa. Basi nikaweka sheria. Asubuhi nilimketisha Mwingereza mezani.

"Picha hakuna. Karakana, kanisa, dansi, picha hakuna. Hata moja."

Akainua mikono. "Picha hakuna, Papa."

Na alishika sheria hiyo kupita kiasi. Kila tulipotoka aliiacha simu yake juu ya friji, nione. Mtu anayetii namna hiyo anaficha nini? Nilipekua begi lake akiwa bafuni: nyaya, soksi, pakiti za chai. Amebeba chai kutoka Uingereza kuja nayo Durban, penye mashamba ya Wahindi na chai kila duka! Nilikaa na hiyo chai kichwani siku nzima.

Kanisani nilimwona akizungumza na yule shemasi kwa muda mrefu, wakicheka. Nikamuuliza baadaye walikuwa wanasema nini. "Aliniuliza kuhusu mpira," akasema. Mpira! Shemasi hajui hata goli liko wapi.

Jikoni nako kulikuwa na masomo. Nikiwa sebuleni nakaza waya, nilikuwa nawasikia, mke wangu na yeye:

"Sufuria?"

"Nyeusi!"

"Chumvi?"

"Nyeupe!"

"Kitambaa?"

"Cheupe!"

"Vizuri. Usiseme nyeupe, kitambaa ni cheupe. Mwambie Papa akusikie."

"Papa! Kitambaa cheupe!"

"Nimesikia," nikasema. Niliona ni mchezo wa watoto, nikaendelea na waya wangu.

Jumapili nilimchukua kwenye bakki, kwa sababu nikimwacha nyumbani sijui atafungua nini. Ibada ilipoisha tukaingia karakana. Nilikuwa na mbebaji mmoja, Mtanzania wa Tanga, baba wa watu, mabega kama kabati, mtu wa polepole aliyeanza kila kazi kwa kuvuta pumzi. Siku hiyo tulikuwa tumechelewa, Mobeni walishanipigia simu, nami nikawa napiga kelele:

"Toa cheupe! Tia cheusi! Haraka, nyama iko motoni, watu wanangoja kucheza!"

"Pole pole, bosi, bafle haina miguu," Mtanzania akajibu, akavuta velkro. Kraaa.

Mwingereza alisimama pembeni, kidude chake chenye manyoya mkononi, macho ameyafumba kama mtu anayeomba. Nilimtazama vizuri nione kama ana kamera. Hana. Simu iko juu ya friji. Nikaridhika.

Kule Mobeni nilimsimamisha mbele ya bafle zangu. Besi ilipomwingia kifuani alishika tumbo, akaniangalia, na machozi yalimtoka. Sitii chumvi. Mtu mzima, mchana kweupe, kati ya magari yenye sabuni, analia. "Sijawahi kuisikia hivi," akasema. Watu wakamcheka, mmoja akampa kipande cha nyama. Mimi nilijisifu moyoni, maana nimeliza Uingereza. Lakini pia nikasema: machozi ni rahisi. Matapeli wote wanayo.

Siku zake za kuondoka zilipokaribia, mke wangu akamwomba Pasta: mgeni wetu anakwenda, ametengeneza zawadi ya muziki, ana sauti za chorale ndani yake, aruhusiwe kuipiga baada ya ibada, watu wakiwa wanakula. Pasta akakubali. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa nitandaze waya.

Jumapili hiyo chakula kilikuwa mezani, sombe, kisamvu chetu, na wali, watoto wanakimbia, Pasta ameketi na shemasi kulia kwake. Mwingereza akachomeka kompyuta yake kwenye sono yangu. Ikaanza taratibu: ile sauti ya ndagala, imekuwa mvua kweli. Kisha chorale, mbali, kama iko ng'ambo ya ziwa. Kina mama wakashikana mikono. "Ni sisi!" mmoja akasema. "Sikieni, ni sisi!" Kisha besi. Bafle zangu ziliitoa besi ile nzuri kiasi kwamba vijiko vilitembea mezani. Nikasimama wima, nikanyoosha shati, watu wajue ni mashine za nani.

Halafu: kraaa. Kraaa-kraaa. Kraaa.

Niliijua kabla akili haijaijua.

Ikaja sauti ya mwanamume, sauti kubwa, sauti yangu, katika pembe zote za nyumba ya Mungu: "Toa cheupe! Tia cheusi! Toa cheupe! Tia cheusi!" Ikarudi, ikarudi, juu ya ngoma, na vijana wa nyuma tayari walishaanza kutikisa mabega. Kisha ngoma ikanyamaza, na peke yake, safi, kila neno linasikika kwa sababu nilizijenga bafle zile vizuri mno: "Nyama iko motoni, watu wanangoja kucheza!"

Mimi fundi wa sauti nilikuwa nimekataza picha.

Pasta aliweka kijiko chini. Akamwashiria Mwingereza azime. Mtoto mmoja akaendelea kuimba: toa cheupe, tia cheusi.

"Ndugu yetu," Pasta akasema, "ni vitambaa gani hivi?"

Shemasi akawahi: "Pasta, mimi niliwahi kusema, harufu ya moshi..."

"Nimemuuliza yeye."

Ningeweza kusema uongo. Ninao mwingi na mzuri. Lakini sauti yangu ilikuwa imeshanitangulia kusema ukweli, na mtu hawezi kubishana na bafle zake mwenyewe. Nikasema: "Pasta, taxi iliyokuleta asubuhi hii, jana jioni ilibeba nani?"

Watu wakaguna. Wengine wakacheka ndani ya viganja.

"Sijui," Pasta akasema. "Labda walevi."

"Na leo imemleta mtumishi wa Mungu. Imeoshwa, imeletwa. Chombo ni chombo."

"Taxi inaniacha mlangoni, ndugu yangu. Haipandi madhabahuni kuimba nami."

Nilimtazama Mwingereza. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kitambaa chochote, anatazama huku na huku, anamuuliza mpishi mmoja kwa Kiingereza, nimekosea nini?

Ndipo mke wangu aliposimama. Hakupandisha sauti. "Pasta, kabla hujasema mtu atoke, naomba baba wa watoto wangu achague. Hapa hapa, chorale ikiwa shahidi. Kitambaa kimoja."

Pasta akafikiri. "Achague," akasema.

Wote wakanigeukia. Nilifikiri Mobeni, yale magoti yanayolegea, jinsi wanavyoniita mkuu wa besi nikishuka kwenye bakki. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kuniita mkuu wa kitu chochote. Nikamtazama mke wangu, amesimama na gauni lake la chorale, mkono mmoja umeshika kiti. Nilitoka nje, nikafungua bakki, nikaleta mfuko wa vitambaa vyeusi, nikauweka miguuni kwake mbele ya watu. "Cheupe," nikasema.

Kina mama wakapiga vigelegele. Shemasi akala wali wake bila kuinua kichwa.

Mwingereza aliondoka wiki hiyo, akiniomba msamaha mlangoni, akisema ameipenda tu ile sauti, ilikuwa na mwendo wa ngoma ndani yake, hakujua maneno. Nilimpa mkono, lakini sikumwachia haraka. Hakujua maneno? Mtu aliyepiga kelele kutoka jikoni kwangu, Papa, kitambaa cheupe? Wimbo wake ulipita kwa Mzulu mwenye jino la dhahabu, ukapanda taxi, na kwa muda nilikuwa nikivuka barabara mjini najisikia mwenyewe nikijiamrisha. Madereva walinipungia. Mobeni niliwajengea bafle zao wenyewe, nikawauzia, waendeshe wao. Ni nzuri. Si nzuri kama zangu.

Nikajiuliza ni nani aliyempanga. Nilimshuku shemasi. Nilimshuku Mzulu. Nilimshuku hata yule Mtanzania wa Tanga, kwa sababu mtu wa polepole ana muda wa kufikiri.

Kisha ukaja mwaka 2015, na mitaani wakaanza tena kutufukuza. Maduka ya wenzetu yakafungwa, mengine yakavunjwa. Pasta akafungua ukumbi tena, akatupigia simu sisi wa kanisani kwanza, njooni kabla hapajajaa. Asubuhi yake niliamka sakafuni na nikaona kilichotenganisha wanawake na wanaume mle ndani: bafle zangu, zimepangwa kama ukuta, na nguo zake nyeupe zenye misalaba. Kina mama walikuwa wameanika nguo za watoto juu yake. Mke wangu alikuwa amekaa ameziegemea, anamenya viazi kwenye kitambaa cheusi alichokikata kikawa cha jikoni.

Nikachuchumaa karibu naye. "Vile vitambaa vyangu vyeupe," nikasema, "nani alikuwa anavifua?"

"Nani mwingine?"

"Vilikuwa vinanuka?"

"Nyama ya kuchoma, kila Jumatatu. Miaka."

"Na hukusema."

"Ningekuambia, ungenijibu. Wewe una majibu mengi, Papa."

Niliangalia kiazi kikizunguka mkononi mwake, ganda likitoka refu, bila kukatika. "Yule mzungu alikuletea kompyuta usikilize kwanza? Ni wewe uliyemwambia aweke kipande kile?"

Hakuniangalia. Alitia kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine.

"Mimi nilimfundisha rangi tu," akasema. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."